Yanaingia Njano, Yanatoka Kahawia

Kila Jumamosi saa sita mchana nilikuwa napima maji ya kunywa ya dada yangu. Wiki kumi na mbili mfululizo karatasi ilitoka nyeupe. Wiki ya kumi na tatu ikatoka kahawia.

Niliigeuza. Karatasi yenyewe haizidi ukucha wa kidole gumba, na ukishaiona upande mmoja umeiona yote, lakini niliigeuza vilevile, nikaipeleka dirishani, nikaisogeza juani, nikairudisha kivulini. Kahawia ya chai iliyosahaulika jikoni. Kwenye boksi la vipimo kuna mstari wa rangi: nyeupe ni salama, njano hafifu ni mikrogramu kumi kwa lita, ndio mwisho wa kunywa, njano iliyoiva ni kama themanini, halafu inazidi kukolea mpaka kahawia, mia mbili na hamsini. Baada ya hapo hakuna rangi nyingine. Aliyechapa lile boksi aliona ukifika hapo huhitaji tena maelezo.

Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda mlangoni, nikasahau nimeendea nini, nikarudi.

Sasa nieleze kidogo, maana ukiniona nimeshika karatasi natetemeka utadhani nimefeli mtihani. Mitihani nilishafeli zamani, hiyo haijawahi kunitetemesha.

Pampu ya mtaani kwetu ina maji baridi, laini, na hayakauki hata jua likasirike vipi. Na yana aseniki. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni sumu yenye adabu kuliko wageni wengi ninaowajua. Inatoka kwenye miamba huko chini, inapanda na maji, inaingia kwenye kikombe chako bila kupiga hodi. Mwaka juzi watu wa idara ya maji walikuja, wakapima, wakaipaka pampu rangi nyekundu, wakasema: fueni, ogeni, lakini msinywe wala msipikie. Maji ya kunywa yako kwenye bomba la kilimani, nusu saa kupanda na nusu saa kushuka, foleni sijaihesabu. Wapo wanaokunywa ya pampu mpaka leo. Wanasema babu zetu walikunywa. Ni kweli walikunywa. Babu yangu mwenyewe viganja vilikuwa vimeota magamba hadi akishika gazeti linachanika.

Dada yangu ni fundi cherehani na ana mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kabla ya hii hazikufika miezi minne. Hakuna aliyeweza kusema ni maji, na hakuna aliyeweza kusema si maji. Shemeji ni dereva wa lori, akiondoka leo unamwona baada ya wiki tatu. Kilimani dada hawezi kupanda. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa kinywa changu hiki, "Dada, usihangaike. Nitakutengenezea maji hapahapa nyumbani."

Hakuniamini mara moja. Alikuwa na sababu. Mimi ndiye niliyewahi kumshonea mfuko wa koti ukafungwa pande zote, mteja akazunguka mjini siku nzima akitafuta pa kuingiza mkono. Mtaani naitwa Nusu, kwa sababu digrii yangu ya kemia iliishia katikati. Mwaka wa tatu niliwabadilishia wenzangu lebo za chupa maabara, nikae pembeni nione wanavyohangaika. Aliyehangaika kupita wote akawa mwalimu. Nikapewa mwaka mmoja nikatafakari nyumbani. Huu ni mwaka wa nne na bado natafakari.

Lakini hili nililifanya bila utani. Nilichukua udongo mwekundu wa bondeni, ule wa matofali, nikautwanga, nikauchekecha. Misumari ya kutu niliiloweka kwenye siki wiki mbili mpaka ikatoa maji mekundu kama damu ya filamu, nikauloweka udongo humo, nikaukanda, nikaufinyanga vidonge vya ukubwa wa njegere, vidonge elfu na kitu, mpaka nikawa naota nafinyanga. Nikavianika, kisha nikavioka. Kutu ndiyo inayoshika aseniki. Udongo kazi yake ni kuishika kutu isikimbie. Tanuru la matofali linaunguza, udongo unaziba vinyweleo vyake vyote na haushiki tena kitu. Oveni ya mikate, ikishatoa mikate na kuanza kupoa, ina moto wa kutosha tu. Gharama yote ni siki na maneno matamu kwa mwoka mikate.

Ndoo ya juu ina vidonge, ndoo ya chini ina kibomba. Unamimina ya pampu juu, unakinga chini. Wiki kumi na mbili, karatasi nyeupe.

Kwa hiyo siku ile saa sita na nusu nilikuwa nimeshika kahawia, na dada yuko kazini kwake na chupa aliyoijaza asubuhi kwenye kile kibomba.

Mtu mwenye akili angepiga simu. Nilipiga. Akapokea, nyuma yake cherehani inanguruma.

"Nusu, sema haraka, nina kola ya mtu mkononi."

Nikafungua mdomo. Nikafikiria: itakuwa ile poda ya kipimo imeingia unyevu. Nikimwambia sasa, na poda ikawa mbovu, nitakuwa nimemtisha mjamzito bure, na hatakaa aniamini tena maisha.

"Nilikuwa nasalimia tu," nikasema.

"Saa hizi? Unaumwa?" Akakata.

Kwenye kopo zilibaki karatasi nne. Nikaanza upya. Unaweka maji kwenye kichupa, unatia poda ya kwanza, unatia ya pili, unafunga haraka kwa mfuniko wenye karatasi, halafu unakaa mbali, maana hewa inayopanda mle si ya kunusa. Dakika ishirini. Umewahi kungoja dakika ishirini? Nilifagia uani. Nilifagia tena nilipokwisha kufagia. Nikahesabu kamba za kuanikia nguo, ni mbili, sijui nilitegemea zimezaana. Nikatazama: kahawia.

Basi poda si mbovu. Labda pampu imebadilika, nikafikiri, labda huko chini kumetokea jambo. Nikachota ya pampu, nikatumia karatasi ya tatu. Dakika nyingine ishirini nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikatazama.

Njano iliyoiva. Themanini, ileile ya siku zote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji yalikuwa yanaingia njano na yanatoka kahawia. Kichujio changu hakikuwa kimechoka tu. Kikichoka, maji yangetoka kama yalivyoingia. Chenyewe kilikuwa kinaongeza. Dada yangu angekunywa moja kwa moja pampuni ingekuwa afadhali.

Na bado sikupiga simu. Nataka niliseme hili lisifichike. Nilikwenda kwa mwoka mikate.

Nilimkuta amekaa kwenye gunia la unga, miguu imepumzika kwenye gunia jingine. Yeye huniita Daktari Mtarajiwa, na husema "mtarajiwa" taratibu mno, silabi moja moja.

"Mzee, siku ile uliponiokea vidonge, moto ulipandisha?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Ulipandisha?"

"Marahaba. Moto wangu haupandi wala haushuki, ungekuwa unapanda watu wangekula mkaa. Kimetokea nini?"

"Vidonge vimeharibika. Vinatoa sumu."

Akashusha miguu, mmoja mmoja. "Hebu rudia, lakini kwa sauti ya chini. Kwenye masinia yangu kuna nini?"

"Kwenye masinia hakuna kitu, vilipokuja huku vilikuwa udongo na kutu basi."

"Una hakika? Maana wewe ndiye uliyeniletea yule panya wa plastiki kwenye andazi."

"Nina hakika, mzee. Sitanii."

Akanitazama usoni, akatafuta kicheko, hakukikuta. Nadhani ndipo alipoogopa. Akafikiri, akajifuta unga kwenye nyusi, akazidi kujipaka.

"Mimi sijasoma hata hiyo nusu yako," akasema. "Lakini mkate ukitoka kwangu mzima Jumatatu, ukaota ukungu Ijumaa, mimi siihoji oveni. Nauliza ulilala wapi. Vidonge nilivioka miezi mitatu iliyopita. Jumamosi iliyopita vilikuwaje?"

"Vizima."

"Basi wiki hii kuna mtu kavishika. Nenda nyumbani kaulize. Na ukitoka hapa usitembee unasema neno sumu mbele ya duka langu."

Nilirudi nakimbia. Nyumbani, mama mkwe wa dada ndiyo kwanza anaingia kutoka sokoni na kikapu. Huyu mama alikuja Jumatatu kumsaidia mkwewe mpaka ajifungue, na mtaa mzima kwa siku tano ulikuwa umeshampa jina: Mama Usafi. Alishausugua mlango hadi ukabadilika rangi. Tulijua ulikuwa wa kijivu; kumbe ni wa kijani.

"Mama," nikasema, "hii ndoo ya juu kuna mtu kaigusa?"

Akaweka kikapu chini. Akatazama nyuma yake, akachungulia mlangoni, akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya vitunguu.

"Nimekusitiri, mwanangu," akanong'ona. "Mwenzio sijamwambia kitu."

"Umenisitiri nini?"

"Ule mkojo."

Nilihisi masikio yanapata moto. Kwa sababu nilikumbuka. Jumanne alikuwa amesimama mbele ya ndoo, mikono kiunoni, akaniuliza vile vidonge vyekundu vimetengenezwa kwa kitu gani. Na mimi, bila kupepesa, uso mkavu, nikamjibu: udongo, kutu, na mkojo wa punda, mkojo ndio unaoikamata sumu. Akasema "Aaa," akaondoka. Nilicheka peke yangu siku mbili. Nilikuwa nafua nacheka.

"Mama, ulifanyaje?"

"Nikasema, huyu kijana ana akili, ila hana mtu wa kumwambia. Mke wa mwanangu anywe mkojo wa mnyama, na tumbo lile? Lakini nikikusema mbele ya dada yako nitakuaibisha, na mimi ni mgeni. Basi jana asubuhi mlipotoka nikavimwaga vyote kwenye beseni, nikaviosha."

"Kwa maji?"

"Maji yatatoa nini. Sabuni nayo inafunika harufu tu. Nilichuja maji ya majivu, makali, yale ya kuteleza mkononi. Mara tatu, na brashi. Majivu yanang'oa kila kitu."

"Yanang'oa," nikasema.

Na yanang'oa kweli. Hicho ndicho kitu kimoja kutoka muhula wa nne nilichokuwa bado nakikumbuka, pamoja na rangi ya soksi za mwalimu: kutu inaishika aseniki vizuri mpaka yaje maji makali kama ya majivu, yakija, inaachia. Miezi mitatu ya sumu, yote iliyokusanywa tone kwa tone, mama huyu aliifungulia mlango asubuhi moja.

"Yale maji ya kuoshea uliyamwaga wapi?"

"Shimo la choo. Yalikuwa mekundu, nikaona siwezi kumwagia mboga."

Nilishukuru kimoyomoyo. Sehemu kubwa ilikuwa imeishia huko. Lakini alisuuza mara moja tu, majivu yakabaki kwenye vinyweleo vya vidonge, na kila ndoo iliyomiminwa tangu jana ilizidi kung'oa iliyobaki.

"Nimeharibu?" akauliza. Mikono yake ilikuwa imelowa, anaifuta kwenye kanga na bado inalowa. "Mwanangu, nimeharibu?"

Hapa shetani alinipitia, siwezi kukataa. Jibu lilikuwa limeshaiva: ndiyo mama, umeharibu. Lingekuwa kweli hata. Dada angemkasirikia mama mkwe, mimi ningekuwa yule mdogo mtu aliyegundua kwa karatasi zake. Lingepita vizuri sana.

"Hakukuwa na mkojo," nikasema. "Nilikuwa nakutania."

Hakuelewa mara moja. Nikaona linavyomfikia polepole, linaanzia machoni linashuka.

"Hakukuwa na mkojo," akarudia.

"Hakuna. Udongo na kutu."

"Na huyo mtoto sasa anakunywa nini?"

Nilichukua kopo la karatasi, boksi la poda, nikatoka. Nikamsikia nyuma anavaa viatu.

Kibanda cha dada kiko kona ya pili baada ya duka la vyuma. Nilifika saa nane na nusu nimelowa jasho. Alikuwa amekaa cherehanini, tumbo limegusa meza, mteja mmoja mwanamume amesimama bila shati akisubiri kola yake. Chupa ilikuwa kando ya mkasi. Imebaki robo.

"Dada, nipe hiyo chupa."

"Kwenu huko hakuna maji?" Akaichukua yeye. "Leo una nini wewe? Mara unapiga simu kusalimia, mara unakuja unahema." Akafungua kifuniko. "Hukuweka kitu humu? Chumvi? Maana mwaka jana uliniwekea chumvi." Na akaipeleka mdomoni, ananitazama kwa jicho la kunikomesha.

Nikaipiga chupa kwa mkono. Chupa ikaanguka, ikajiviringisha chini ya meza, maji yakaingia kwenye vipande vya vitambaa.

Yule mteja akarudi nyuma hatua moja. Mkono wa dada ulibaki hewani. Hajawahi kuniona nikimgusa kwa nguvu tangu tukiwa watoto.

"Usinywe," nikasema. "Yana sumu. Karatasi imetoka kahawia. Kuanzia jana."

"Nusu, ukinitania kwa hili..."

"Sitanii."

Mama mkwe akafika mlangoni, anahema, kiatu kimoja kimekanyagwa kisigino. "Ni mimi," akasema. "Nimeviosha vile vidonge kwa majivu. Mimi ndiye."

"Si yeye," nikasema. "Nilimwambia ni mkojo wa punda."

Dada alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Yule mteja akasema atarudi Jumatatu. Akatoka bila shati, dada akamrushia. Kisha akainama kwa shida, akaiokota chupa, mkono wake mwingine uko chini ya tumbo. Yalikuwa yamebaki maji ya vidole viwili.

"Pima," akasema.

"Twende kliniki kwanza."

"Pima hapa. Nataka kuona nimekunywa nini."

Karatasi ya nne. Nikaiweka juu ya meza ya cherehani, kati ya bobini na chaki. Dakika ishirini sote watatu tumekaa. Mimi sikuweza kukaa, nikasimama, dada akasema "Kaa," nikakaa. Mama mkwe alikuwa anakunja kipande cha kitambaa, anakikunjua, anakikunja.

"Karatasi ya kwanza ilitoka saa ngapi?" dada akauliza. Hanitazami, anatazama kichupa.

"Saa sita na nusu."

"Ulinipigia saa sita na nusu."

"Ndiyo."

"Ukasema unasalimia."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Nilikuwa nimekunywa kidogo tu saa ile," akasema. "Chupa ilikuwa karibu imejaa. Nilipokata ndipo nikala, nikashiba, nikashikwa na kiu." Alisema bila hasira, kama anavyomtajia mteja vipimo vya kiuno. Heri angenipiga na rula.

Karatasi ikatoka. Haikufika kahawia ya ndoo. Ilikuwa njano iliyokaribia kuungua. Mia na hamsini hivi. Dada akaichukua kwa kibano chake cha kutolea nyuzi, akaifunga kwenye karatasi ya kukatia mitindo, akaiweka kifuani.

Kliniki tulimkuta mkunga mmoja mrefu anayezungumza taratibu. Nilimweleza kila kitu, pamoja na punda. Hakucheka. Alisikiliza tumbo kwa muda ambao sikujua binadamu anaweza kuzuia pumzi. Mapigo yapo, akasema, mazuri, huyu anakimbia mbio.

"Siku moja na nusu si miaka kumi," akamwambia dada. "Lakini si sifuri pia, sitakudanganya. Tutapeleka mkojo maabara ya mkoa, jibu ni Jumatano. Mpaka hapo, maji ya kilimani tu, kunywa mengi. Ukiona damu, ukiumwa tumbo, mtoto akipunguza kucheza, usingoje mtu yeyote." Alipofika kwenye "mtu yeyote" alinitazama mimi.

Tukakaa kwenye benchi kusubiri kichupa cha mkojo. Na hapo, Mungu anisamehe, akili yangu ikaanza kukimbia. Majivu yamevua ile aseniki yote. Basi vidonge ni vitupu sasa. Ukivisuuza majivu yakaisha, ukavipitishia siki kidogo kuondoa ule ukali, kutu si itashika upya? Nilikuwa nimepanga kila vikichoka nivitupe nifinyange vingine elfu, kumbe vinaweza kuoshwa na kurudi kazini, mara tano, mara kumi, kwa majivu ya jikoni. Yale maji ya kuoshea tu ndiyo uyafungie kwenye tofali yasiende popote. Nikahisi uso unanyooka.

"Unacheka nini?" dada akauliza.

"Sicheki."

"Naujua uso wako tangu huna meno."

"Nimefikiria kitu kuhusu vidonge."

"Leo," akasema, "usifikirie vidonge. Leo nifikirie mimi."

Nikamfikiria yeye. Ni kazi ngumu kuliko kemia.

Jumamosi ile ile nilipanda kilimani na madumu mawili. Jumapili asubuhi nikapanda tena, na nikatumia karatasi ya mwisho kupima maji ya bomba la kilimani, ambayo idara ilishayapima na kila mtu anajua ni mazima. Nyeupe. Hata hivyo niliitazama dakika kumi zaidi. Jumatatu nilipanda mara mbili. Jumanne usingizi ulikuwa umenikimbia, nikapanda kabla hata foleni haijaamka, nikamkuta mama mkwe ameshatangulia na ndoo yake kichwani, anashuka.

"Wewe punda," akasema aliponipita, "chukua hii."

Lilikuwa neno la kwanza kuniambia tangu Jumamosi. Nikapokea ndoo.

Jumatano jibu likaja. Mkunga alilisoma, akalisoma tena kimya, nikatamani kumpokonya. Aseniki imepanda juu ya kawaida, akasema, lakini si sana, na mwili unaitoa. Arudi baada ya wiki tupime tena, natarajia itakuwa imeshuka. Mtoto bado anakimbia mbio. Dada akaomba ile karatasi ya jibu, akaikunja pamoja na ile ya njano.

Njiani kurudi nilimwambia nataka kujaribu kuvirudisha vile vidonge. Si kwa ajili yake. Kwa wale wanaokunywa ya pampu mpaka leo.

"Mama mkwe atakuwepo?" akauliza.

"Kama atakubali."

"Atakubali. Yeye akifanya kitu anakifanya mara tatu." Akatembea kidogo. "Hutapima peke yako. Na hutangoja uhakikishe."

Idara ya maji walinipa kopo jipya la karatasi ishirini, nikasaini vitabu viwili. Tulisuuza vidonge na mama mkwe siku nzima, tukavipitishia siki, tukavisuuza tena, hadi maji yakaacha kuteleza mkononi. Yale ya kuoshea tuliyakandia kwenye saruji. Yeye ndiye aliyesema bado, bado, mara moja nyingine, mimi nikiwa nimeshachoka tangu ndoo ya pili.

Ijumaa saa kumi jioni dada alikuwa amekaa kwenye stuli uani, miguu imevimba, kwenye beseni la maji ya kilimani. Nikamimina ya pampu juu, nikakinga chini, nikatia poda, nikafunga. Nikaanza kuzunguka.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Dakika ya tano nyeupe. Dakika ya kumi nyeupe. Mama mkwe hakutazama, alikuwa anasugua sufuria lililokwisha kusuguliwa. Dakika ya kumi na mbili pembe moja ya karatasi ikaanza kubadilika. Hafifu mno. Ungeweza kusema ni jua la jioni. Ungeweza kungoja zile nane zilizobaki, ukasema labda.

"Njano," nikasema. "Inakuja njano. Bado haijafaa, mtu asinywe."

Dada akainama akaitazama mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akaandika saa kwenye daftari la vipimo vya wateja.

"Tusuuze mara nyingine," mama mkwe akasema, akaliacha sufuria.

Nikainuka kumwaga ndoo.